Nani Kasema Isitazamwe Tena?

Kuna nasaha inayotolewa siku hizi kwa upole mwingi: tamthilia uliyoipenda utotoni usiirudie. Iache ilipo. Ukiirudia utakuta kuta za mbao, mazimwi ya mpira na waigizaji wanaopayuka, na kile ulichokitunza moyoni miaka yote kitakufia mikononi. Wanaotoa nasaha hii si watu wa ovyo. Wamo wahakiki wazuri, na wamo mashabiki wenyewe walioungua mara moja wakaapa. Ikifika kwenye Star Trek ile ya kwanza, ya Kapteni Kirk na Spock mwenye masikio ya ncha, nasaha inakuwa sheria kabisa. Mzee wa miaka sitini anayekaa jioni kuitazama upya, kwa mara ambayo hata mwenyewe hajui ni ya ngapi, anahesabiwa kuwa amekataa kukua. Mla ni mla leo, anaambiwa, mla jana kala nini?

Nasaha hiyo ni mbovu, na ubovu wake unaanzia kwenye historia, kabla hata hatujafika kwenye ladha.

Star Trek ilianza kurushwa na NBC ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966, na kipindi chake cha mwisho kikaonyeshwa tarehe 3 Juni 1969. Misimu mitatu, vipindi 79, basi. Kwa hesabu za wakati ule ilikuwa imeshindwa. Idadi ya watazamaji haikuwaridhisha wakubwa wa kituo, na kuelekea mwisho wa 1967 uvumi ukaenea kwamba inafutwa. Bjo Trimble na mumewe John wakawahamasisha mashabiki waandike barua, barua zikamiminika kwa maelfu, na Machi 1968 NBC ikalazimika kutangaza hewani kwamba tamthilia itarudi. Ikarudi kweli, ila ikapangiwa Ijumaa saa nne usiku, saa ambayo vijana walioipenda wako nje wanastarehe, na bajeti yake ikakatwa. Kabla mwaka uliofuata haujafika nusu, ikazikwa.

Iliyofufuka baadaye haikuwa kitu kipya. Zilikuwa filamu zilezile, zimeuzwa kwa vituo vya mijini virushe marudio jioni baada ya jioni, saa ambazo watoto wametoka shule na wanafunzi wa vyuo wamemaliza vipindi vyao. Hapo ndipo Star Trek ilipopata watu. Mashabiki walipokutana New York, Januari 1972, katika mkutano wao mkubwa wa kwanza, waandaaji walitarajia mamia. Wakaja maelfu, na tamthilia ilikuwa na miaka karibu mitatu kaburini. Mwaka 1976 barua zao tena zilifanya chombo cha kwanza cha majaribio cha shuttle kipewe jina la Enterprise, chombo cha Kirk. Filamu ya sinema ya 1979, tamthilia mpya ya 1987, na ukoo mzima uliofuata, vyote vilizaliwa na watu waliokuwa wakitazama kitu walichokwisha kukitazama.

Sasa anayedai kwamba utamu wa tamthilia hii ni wa mara ya kwanza tu, atueleze kwa nini mara ya kwanza ilikosa watu. Kumkataza shabiki kurudia ni kumkataza jambo lilelile lililoifanya Star Trek iwe Star Trek. Bila marudio, leo ingekuwa mstari mmoja katika orodha ya vipindi vilivyokufa miaka ya sitini, na wahakiki wetu wasingekuwa na cha kutukataza.

Sisi tulio nje ya Marekani ndio kabisa hatuna hiyo "mara ya kwanza" inayoliliwa. BBC ilianza kuionyesha tarehe 12 Julai 1969, NBC ikiwa imeshafunga duka. Tanzania Bara televisheni zenyewe zilianza miaka ya tisini. Kila aliyeipenda huku kwetu aliipenda ikiwa tayari ni marudio, ikiwa tayari ni ya kale, nguo na nywele za watu wake zimeshapitwa na wakati. Hatukuambiwa kwamba tumechelewa mno kuipenda.

Wanaotukataza wana hoja mbili, na wanazichanganya makusudi. Ya kwanza ni ya macho: imezeeka, ni ya makaratasi, mtoto wa leo atacheka. Ya pili ni ya moyo: kumbukumbu ni nzuri kuliko kitu chenyewe, basi linda kumbukumbu. Nitaanza na ya macho kwa kuwa ndiyo nyepesi.

Ni kweli, ilikuwa ya bei nafuu. Ile mashine ya kuyeyusha watu na kuwaibua kwenye sayari, inayojulikana dunia nzima, ilibuniwa kwa sababu mwanzilishi wa tamthilia Gene Roddenberry na wenzake hawakuwa na fedha za kuonyesha chombo kikitua sayari mpya kila wiki. Kumetameta kwake kulipatikana kwa unga wa alumini ulioachwa uporomoke katika mwanga mkali. Milango ya chombo iliyokuwa ikifunguka yenyewe ilikuwa ikivutwa na mafundi waliojificha nyuma ya ukuta, na vipo vipande vilivyoharibika wakati wa kupiga picha ambamo fundi amechelewa na mwigizaji anajigonga uso kwenye ubao. Kuna jambo moja ninalolipenda kuliko yote. Kipindi cha kwanza kurushwa, "The Man Trap", kina zimwi linaloishi kwa kunyonya chumvi ya miili ya watu, hivyo vikatafutwa vichupa vya kunyunyizia chumvi vyenye umbo la karne zijazo. Vilipoletwa vilikuwa vya ajabu mno. Ikahofiwa mtazamaji asingejua ni vya chumvi. Vikatumika vya kawaida, na vile vya ajabu akapewa daktari. Tangu siku hiyo Daktari McCoy akawa anawapasua wagonjwa wake kwa vichupa vya chumvi, msimu baada ya msimu, na uso wake haukuonyesha hata siku moja kwamba anajua.

Mtoto haoni hayo. Anaona vifaa vya hospitali. Mtu mzima anaona vichupa na anaona uso wa DeForest Kelley, mwigizaji wa McCoy, ukivifanya kuwa vifaa vya hospitali, naye anapata vitu viwili mahali ambapo mtoto alipata kimoja. Nani kati yao amepoteza?

Mwaka 2006 wenye mali waliamua kutusaidia. Picha za angani zikatengenezwa upya kwa kompyuta: sayari zenye mawingu halisi, chombo kinachogeuka kwa ulaini. Diski zilizouzwa baadaye zikampa mtazamaji hiari ya kuchagua, picha za zamani au mpya. Mimi nachagua za zamani, na si kwa ushabiki wa kwamba ya kale ni dhahabu. Mengi ya kale ni bati. Nachagua za zamani kwa sababu chombo kilichochorwa na Matt Jefferies, kikatengenezwa kwa mbao na plastiki, urefu zaidi ya mita tatu, kimepigwa picha kwa taa za wakati uleule ambao kuta za ndani zilipakwa mwanga wa zambarau na kijani ili zisionekane kwamba ni tupu. Nje na ndani vinasema lugha moja. Ukibandika picha ya 2006 katikati, ghafla Kirk anaonekana ameketi katika chumba cha mbao, kwa sababu dirishani pake kuna mgeni. Hakuna anayemwambia mpenzi wa taarab aache kumsikiliza Siti binti Saad kwa kuwa sahani za mwaka 1928 zinakwaruza, wala hakuna aliyefikiri kumwimbisha mtu mwingine juu ya sauti yake ili kumsaidia.

Hoja ya moyo ndiyo yenye sumu, kwa sababu inajifanya rafiki. Linda kumbukumbu. Kumbukumbu ipi?

Muulize mtu ambaye hajaiona tangu ujana akuelezee Kapteni Kirk. Atakwambia ni mpenda wanawake, mwenye ngumi nyepesi na kichwa kigumu. Kisha atakutajia ile amri maarufu anayodaiwa kumpa mhandisi wake Scotty kila wiki, ya kumrusha juu chomboni, ambayo kwa maneno yale haikutamkwa hata mara moja katika vipindi vyote 79. Kirk huyo hayupo. Katika kipindi cha pili cha majaribio, kile kilichowashawishi NBC baada ya kukikataa cha kwanza, rafiki yake wa zamani anamkumbusha alivyokuwa mwalimu mkali chuoni, mtu wa vitabu aliyewatoa wanafunzi jasho. Spock naye, ambaye kila mtu anajua hacheki, katika kile cha kwanza kilichokataliwa anatabasamu kama mtoto mbele ya majani yanayoimba. Kumbukumbu imemnyoosha mmoja na kumpinda mwingine. Tunachoombwa kukilinda ni kikaragosi kilichochorwa na vichekesho, matangazo na uvivu wetu kwa miaka hamsini.

Chukua "Balance of Terror", ya Desemba 1966. Niliyokuwa nayo akilini tangu udogoni ni vita: vyombo viwili vinawindana gizani, adui haonekani, kila mtu amenyamaza. Iko hivyo, na bado inabana kifua. Ila ukiitazama una umri wa kuwa umeshaajiriwa na umeshazika, unagundua kwamba kipindi kinaanza kwa harusi. Bi harusi na bwana harusi, wafanyakazi wa chombo, wamesimama mbele ya kapteni wao. Kengele ya hatari inalia kabla hawajaunganishwa. Katikati ya msako Kirk yuko chumbani kwake na daktari, anauliza itakuwaje kama amekosea. Na mwisho, baada ya ushindi, anaarifiwa kwamba upande wake amekufa mtu mmoja tu, naye ni yule bwana harusi. Kirk anakwenda kwenye chumba cha ibada, anamkuta binti peke yake, anajaribu kumwambia kwamba lazima kuna sababu. Maneno ni machache na hayatoshi, naye anajua hayatoshi. Binti anajibu kwamba yuko sawa. Kapteni anatoka, anatembea kwenye ujia, wafanyakazi wanapishana naye wakiendelea na zamu zao. Hakuna mtoto anayeweza kuiona tamati hiyo. Ipo mbele yake, anaitazama, na anasubiri iishe. Tamthilia iliyobaki kumbukumbuni haina chumba cha ibada.

Au "The Devil in the Dark", ya Machi 1967, iliyoandikwa na Gene L. Coon. Wachimbaji wa madini kwenye sayari Janus VI wanauawa mmoja mmoja na kitu kinachopita ndani ya mwamba. Kitu chenyewe ni kama zulia zito linalojikokota. Ndani yake alikuwamo Janos Prohaska, akitambaa kwa magoti. Hapa ndipo wacheka-mazulia hufurahi. Lakini tazama meza ya Vanderberg, mkuu wa mgodi. Ofisini mwake kuna jiwe la mviringo, limewekwa kama pambo, na Spock analitolea macho tangu dakika za mwanzo. Yale mawe yalikutwa kwa maelfu walipofungua tabaka jipya la mgodi, yakavunjwavunjwa kwa kuwa hayana thamani. Ni mayai. Zimwi ni mama, na bosi ameweka yai lake ofisini.

Mwisho wake ni suluhu: watoto wa Horta, yaani zimwi lile, watatoboa mwamba kama walivyozoea, wachimbaji watafuata nyuma wakikusanya madini, kila mtu atatajirika. Nilipokuwa mdogo hiyo ilikuwa furaha tupu. Leo nauliza mkataba ulisainiwa na nani, na mama huyo, ambaye Spock anatuarifu kwamba sura za binadamu zinamchefua lakini anaona atazizoea, atapata mrabaha wa asilimia ngapi. Msomaji anayefuatilia habari za migodi yetu na wawekezaji wake hahitaji kuelezwa zaidi. Kipindi hakina jibu, wala hakijui kwamba kimeuliza. Na swali hilo halikuweza kunijia ila kwa kurudi.

Hapo wapinzani hudakia: unaona, umekiri, imejaa makosa, kwa nini usiiache? Wana orodha yao, nami nitawaongezea. Katika "The Enemy Within" karani Rand anavamiwa na nusu mbaya ya kapteni wake, na kabla kipindi hakijaisha Spock anamtania kuhusu jambo hilo kwa namna inayokirihisha. Kipindi cha mwisho kabisa, "Turnabout Intruder", kimejengwa juu ya dhana kwamba mwanamke hapewi ukapteni wa chombo, na anayeutamani ni mwendawazimu. Sketi za wafanyakazi wanawake sina haja ya kuzieleza.

Haya nani anayajua kwa undani, anaweza kuyataja kwa kipindi na kwa tendo? Ni hao wanaorudia. Aliyeiacha tamthilia kumbukumbuni ndiye anayesimama leo na kusema kwamba zamani hapakuwa na ubaguzi wa namna hii, au kwamba tamthilia mpya zimeharibu kila kitu kwa kuingiza siasa. Siasa! "A Private Little War" ilionyeshwa tarehe 2 Februari 1968, siku chache tu baada ya mashambulizi ya Tet kuanza Vietnam, na hoja yake nzima ni kama ni haki kuwapa bunduki wanavijiji wa upande mmoja kwa kuwa dola nyingine imewapa wa upande wa pili. Kirk anaamua kuwapa. McCoy anamfokea. Utotoni nilichokiona mle ni nyani mweupe mwenye pembe. Mtu aliyekua akisikia redioni habari za Angola, silaha zikiingia kutoka pande zote mbili za dunia, akikirudia kipindi hicho hamwoni nyani hata kidogo. Kwa maoni yangu Kirk anakosea, na kipindi kinajua kwamba huenda anakosea, kwani kinamalizika bila ushindi wa mtu yeyote. Wanaolilia Star Trek isiyo na siasa wanalilia tamthilia ambayo haikuwahi kurushwa.

Kwetu sisi tunaosema Kiswahili kuna Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo, na hapa sitajidai kuwa hakimu asiye na upande. Katika kile kipindi cha kwanza kurushwa, zimwi la chumvi linajigeuza kijana mtanashati na kumsemesha kwa Kiswahili. Mwaka 1966, televisheni ya Marekani, saa za familia. Matamshi yanachechemea, lakini yeyote kati yetu akiyasikia hukaa wima kitini. Mwaka uliofuata, katika "The Changeling", roboti linaloitwa Nomad linafuta kila kitu kichwani mwa Uhura, na anapofundishwa kusoma upya na muuguzi Chapel, akikwama kwenye neno la Kiingereza anarukia Kiswahili. Hapo shabiki wa mara ya kwanza anapiga makofi. Anayerudia anaudhika. Mwanamke amepoteza maisha yake yote, wazazi, rafiki, nyimbo. Daktari anaahidi kwamba baada ya wiki atakuwa amerudi kazini, na hakuna mtu humo chomboni anayeuliza ni nini ambacho hakiwezi kurudishwa na vitabu vya shule. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, mwenyewe aliona alivyokuwa akipunjwa. Baada ya msimu wa kwanza alitaka kuondoka, na alisimulia jinsi Martin Luther King alivyomwomba abaki. Alibaki akifungua masafa ya mawasiliano wiki baada ya wiki. Ndiyo maana dakika moja ya "Who Mourns for Adonais?" ina uzito: Uhura amejikunja kwenye mitambo yake, anaunga nyaya kwa mkono wake, na Spock anamwambia kwamba hamjui mwingine awezaye kazi hiyo kuliko yeye. Dakika hiyo haimo kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote niliyewahi kuzungumza naye. Inapatikana kwa kutazama tu.

Kuhusu dai kwamba maisha ni mafupi na vipya ni vingi, sina la kusema zaidi ya kuwa hakuna anayemlazimisha mtu kuvimaliza vyote 79. Wala sijamwona shabiki aliyekufa kwa kukosa tamthilia mpya.

Limebaki lile la upofu: kwamba anayerudia anapenda kila kitu, hana ubaguzi wa mema na mabaya, amelewa. Watu waliosema hivyo hawajawahi kukaa na mashabiki wa Star Trek kwa robo saa. Hakuna watu wakali kwa tamthilia yao kama hao. Watakupangia misimu kwa ubora, watakutajia mtunzi gani aliharibiwa hati yake na nani, watagombana mpaka usiku kuhusu mtunzi Harlan Ellison na Roddenberry na ile hati ya "The City on the Edge of Forever", nani alikuwa na haki. Na wale walioandika barua kwa maelfu ili tamthilia ipate msimu wa tatu walizawadiwa nini? Ijumaa tarehe 20 Septemba 1968, saa nne usiku, msimu wao ulifunguliwa kwa "Spock's Brain", hadithi ya ubongo wa Spock kuibwa na wanawake wa chini ya ardhi, naye mwenyewe akitembezwa bila ubongo kwa kubonyeza kifaa chenye vitufe. Walikiona ni kibaya usiku uleule. Wanakiona ni kibaya hadi leo, na hakuna kipindi wanachokitazama kwa kicheko kikubwa zaidi.